Gitaa la Shoto

Saa 11 alfajiri

Temeke kabla ya adhana ina ukimya wa kutosha kwa gitaa la umeme ambalo halijachomekwa popote. Nakaa ukingoni mwa kitanda nikilikumbatia, naligusa kwa dole gumba, nalo linaitika kwa sauti ndogo ambayo majirani hawaisikii. Mimi naisikia kwa mbavu. Napitia skeli, zile ngazi za noti, kwa nusu saa, kisha mistari minne ya wimbo mpya ambao bendi itaupiga usiku, na ambao mstari wake wa tatu bado unaniponyoka.

Napiga kwa shoto. Mkono wa kushoto unakung'uta nyuzi, wa kulia unakamata shingo. Gitaa hili lilikuwa hivyo tangu lilipochorwa kwa penseli kwenye ubao, na katika vitu vyangu vyote ndicho pekee ambacho mtu alinitazama mimi kwanza ndipo akashika msumeno.

Saa 2 asubuhi

Jumamosi ndiyo siku yangu ndefu kuliko zote, na inaanzia kwenye ukumbi wa kanisa Chang'ombe: watoto tisa, magitaa matano, saa mbili na nusu. Tunakwenda kwa zamu.

Kuna binti wa miaka kumi na mmoja ambaye kila zamu yake ikifika hugeuza gitaa juu chini. Simrekebishi. Leo mama yake alibaki mlangoni hadi mwisho.

"Samahani mwalimu, huyu si atazoea tu kulia?"

"Anaweza kuzoea, mama. Lakini mimi nilijaribu miaka mitatu na nilikuwa nachelewa kila mpigo."

Nilipokuwa kama yeye nililigeuza gitaa la kwaya na kubadilisha mpangilio wa nyuzi, nikadhani nimemaliza. Kumbe gitaa lina upande, kama kiatu. Ile nati, kipande kinachobeba nyuzi kule kichwani mwa shingo, imechongwa mifereji minene upande mmoja na myembamba upande wa pili. Ukigeuza, uzi mnene unakaa juu juu kwenye mfereji mdogo, na uzi mwembamba unalegea kwenye mfereji mkubwa na kuchezacheza. Nilipohamia gitaa la umeme mambo yakazidi. Vitufe vya sauti vilikuwa chini ya kiwiko changu, nikawa najizimia sauti katikati ya wimbo. Ile nafasi iliyochongwa mwilini ili mkono ufike freti za juu, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ilikuwa upande usio wangu. Jimi Hendrix alipiga gitaa la mkono wa kulia akiwa ameligeuza na akafanya maajabu nalo, najua, kila mtu huniambia. Mimi nilikuwa na kidole kidogo kifupi na bendi iliyokuwa inataka solo.

Tena kwetu shoto halikuwa jambo la gitaa tu. Bibi yangu, kule Kilosa, hakuruhusu mkono wa kushoto uguse bakuli wala umpe mkubwa kitu. Alinipiga kofi jepesi kwenye kiganja kila mara, na alinipenda kuliko wajukuu wake wote. Ndivyo alivyolelewa.

Saa 5

Keko wanajulikana kwa fanicha. Unapita katikati ya sofa zisizo na vitambaa na vumbi la randa hadi nyuma kabisa, kwenye kibanda ambacho badala ya vitanda kimetundikwa magitaa. Fundi wangu alikuwa seremala wa kawaida aliyeanza kwa kuunganisha kwa gundi magitaa ya makanisa yaliyovunjika shingo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Linalia wapi?"

Hakuuliza kama linalia vibaya. Masika imeisha juzi, na unyevu wa Dar hauachi shingo ya gitaa ilale kama ilivyolala Januari. Nilimwambia freti ya saba, uzi wa pili. Akalichukua, akafumba jicho moja na kutazama kando ya shingo kama anavyotazama ubao kabla ya kuupiga randa. Akaingiza ufunguo kwenye chuma kilichofichwa ndani ya shingo, akazungusha robo tu, kisha akapitisha tupa kwenye freti moja iliyokuwa imenyanyuka kwa unene wa karatasi. Mlio ukatoka safi.

Miaka minne iliyopita bibi alifariki. Baada ya arobaini ndugu waligawana vitu, na kitanda chake kikakosa mtu, kwani nani ana chumba cha kupanga kinachotosha kitanda kile? Nilizibeba mbao mbili za ubavuni hadi Dar, juu ya basi. Fundi alizigonga kwa kifundo cha kidole, akapiga randa mara moja, na chini ya weusi wa miaka ikatoka rangi ya asali. Mninga. "Hii imekauka kabla hujazaliwa," alisema. Mninga hata ukiwa mbichi hausinyai sana ukikauka. Uliokaa ndani ya nyumba miaka arobaini umeshatulia.

Kisha hakukata kitu. Aliniita alasiri tatu mfululizo nije kupiga, yeye anatazama tu, akiandika kwenye kipande cha boksi. Aliona kwamba mkono wangu wa kushoto unalala mahali fulani na kuacha alama nyekundu, akapachonga pakainama. Aliona navuta sauti kwa kidole kidogo, akasogeza kitufe kikafika. Alipima kiganja changu cha kulia kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho, akaniambia urefu wa uzi wa milimita 648, ambao magitaa mengi ya umeme yanao, ndio ulionichosha. Langu lina 628.

Milimita ishirini zinaonekana si kitu mpaka uone hesabu yake. Unagawa 628 kwa 17.817, namba maalumu ya kupangia freti, unapata 35.25: hapo inakaa freti ya kwanza. Unatoa, unagawa kilichobaki kwa namba ileile, unapata ya pili, na hivyo hivyo mpaka ya 22. Ya kumi na mbili lazima iangukie 314, nusu kamili. Alifanya yote kwa kikokotoo cha simu ya kitochi, na akarudia mara mbili. Ukikosea milimita moja, hakuna kukaza uzi kutakakolirudisha gitaa kwenye sauti yake.

Ubao wa freti ni mpingo. Unazama majini, unamaliza meno ya msumeno, na mti wake hukua kwa miongo mingi ukiwa umepinda, kwa hiyo kupata kipande kilichonyooka cha nusu mita ni kazi. Alizunguka Mwenge kwa wachongaji wiki tatu kabla hajakipata.

Nililipa milioni moja na laki nne, kwa awamu, miezi minane. Wenzangu waliniambia kwa pesa hiyo Kariakoo ningepata mawili mapya. Kweli, na yote mawili ya mkono wa kulia. Siyadharau magitaa ya kiwandani. Muziki wote niliokua nikiusikia ulipigwa kwa hayo. Lakini nguo ya mtumba ikikukaa vizuri ni bahati yako, na ya fundi ilianza na futi kamba mabegani mwako.

Vijana wanaokuja kibandani fundi huwapa habari ya Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ya Uingereza, ambaye mwaka 1963 alianza na baba yake kutengeneza gitaa nyumbani, shingo ikatokana na mbao ya zamani ya rafu ya juu ya meko, alama za freti zikatokana na vifungo kutoka sanduku la ushonaji la mama yake. Liliwachukua kama miaka miwili, naye amelipiga maisha yake yote. Fundi huipenda habari hiyo kwa sababu mwimbaji wa bendi ile, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar. Mimi naipenda kwa ajili ya vile vifungo.

Kitufe cha sauti nacho kilikuwa kinakoroma, akafungua kifuniko cha nyuma apulize vumbi. Ndani, mahali ambapo hakuna anayeona, kuna maandishi yake ya penseli: "Kitanda cha Bibi. Shoto." Nilikuwa nimeyasahau. Nilimwomba asifunge haraka.

Kisha nikamweleza habari ya yule binti.

"Bado anakua," alisema. "Ukimtengenezea leo, mwakani utamtengenezea tena. Mbadilishie nati."

Magitaa yote ya kanisa lile yamepita mikononi mwake, vipimo vyake viko ukutani. Akatoa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukauka, akaukata, akausugua, akachonga mifereji sita kuanzia mnene upande wa pili. Daraja la gitaa lile, kipande kinachobeba nyuzi kule mwilini, litabaki limeinama kinyume, lakini kwa nyimbo zinazopigwa kwenye freti tatu za mwanzo hatalisikia kosa. Alikataa pesa ya mfupa.

Saa 9 alasiri

Studio, Sinza. Mistari miwili ya rithimu kwa wimbo wa mtu mwingine. Dakika arobaini, malipo kwa simu.

Saa 3 usiku

Ukumbi umejaa tangu wimbo wa tatu. Sisi ni bendi ya dansi ya kizamani: solo, rithimu, besi, tarumbeta mbili, na watu wanaokuja kucheza, si kurekodi kwa simu.

Sisemi mninga ndio unaoleta sauti. Kwenye gitaa la umeme sumaku na amplifaya zina kazi kubwa zaidi, na anayebisha aje tujaribu. Ninachojua ni hiki: wimbo mpya ulipofika kwenye sebene, pale magitaa yanapotawala, mkono wangu wa kulia ulipanda hadi freti ya kumi na saba bila mimi kuinamisha bega, na mstari wa tatu, ule ulionikimbia alfajiri, ukakaa. Miaka kumi na minne nilikuwa nakwepa pale juu. Nilikuwa natunga solo zangu kuzunguka mahali ambapo sikuweza kufika, na wasikilizaji walidhani ndio mtindo wangu.

Wakati wa mapumziko mzee mmoja wa meza ya mbele aliniita.

"Mwanangu, hilo gitaa umeligeuza?"

"Hapana, mzee. Limezaliwa hivi."

Aliomba alishike. Nikampa kwa mikono miwili. Alilipapasa mgongoni, polepole, kisha akasema mbao kama hii walikuwa nayo kwao, kwenye kitanda.

Saa 8 usiku

Nyumbani nimefuta nyuzi kwa kipande cha kanga, maana jasho na upepo wa pwani huzila nyuzi kwa wiki. Simuni kuna ujumbe wa mzee wa kanisa: amekubali gitaa moja kati ya matano liwe la shoto moja kwa moja. Ile nati iko kwenye mfuko mdogo wa begi, imefungwa kwenye karatasi. Jumamosi ijayo nitafika Chang'ombe saa moja, kabla watoto hawajaja, nitoe ya zamani na kupanga nyuzi upya.