Sufuria getini

Mwaka 2001 nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, nesi aliyeolewa Uingereza, katika kijiji kilicho chini ya milima ya Cumbria, yapata kilomita 20 kutoka Carlisle. Nilienda kusoma, ila muda wangu mwingi uliishia kwenye zizi la jirani, mzee mmoja mwenye ng'ombe hamsini hivi na kondoo karibu mia nne. Nyumbani walinitania: mtu wa Kondoa kapanda ndege kwenda kuchunga kondoo.

Mzee hakuwa msemaji. Siku moja alinionesha babu zake walivyohesabu kondoo, yan, tan, tethera, methera, pimp, nami nikamrudishia moja, mbili, tatu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kuta zenyewe ni za mawe yaliyopangwa bila saruji, lakini zinaishia chini. Kule juu mlimani hakuna uzio kabisa, na hilo ndilo lililonishangaza. Kondoo wake wa Herdwick, wale wanaozaliwa weusi na kugeuka kijivu kadiri wanavyokua, walijua mwisho wa malisho yao ni wapi. Jike alifundishwa na mama yake, naye akamfundisha mwanawe. Ukileta kondoo mgeni, atapotelea kwa watu.

Mwishoni mwa Februari ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia Cumbria. Niliposikia jina sikushtuka. Nilipokuwa mtoto ulipita kwetu. Ng'ombe walitoa udenda, wakachechemea, maziwa yakakauka. Baba aliwaosha midomo kwa maji ya magadi asubuhi na jioni. Ndama wawili walikufa, waliobaki wakarudi malishoni. Nikamwambia shangazi, "Si utapita tu?" Akaniangalia. "Mwanangu, hapa hawatibu. Wanaua."

Barabarani kukatandazwa majani makavu yaliyoloweshwa dawa. Njia za mlimani zikafungwa, mnada ukafungwa, na mzee akajifungia na mifugo yake. Kila Ijumaa shangazi alipika pilau, nami nikaipeleka hadi getini, nikaiacha juu ya jiwe, nikarudi nyuma hatua kadhaa na kumpungia mkono. Sijui kama alikuwa anaipenda. Ila aliimaliza.

Wiki ya kwanza ya Aprili shamba la pili yake likakutwa na ugonjwa. Wanyama wa mzee hawakuwa na lengelenge hata moja, lakini amri ilikuwa kwamba mashamba yanayopakana nayo yasafishwe ndani ya saa 48. "Kusafisha" ndilo neno walilotumia. Kondoo walikuwa wameshushwa kutoka mlimani kuja kuzaa, na wengine walizaa asubuhi ileile.

Kwanza alikuja mthamini, akapita na daftari akiandika bei ya kila mnyama, kwa kuwa fidia ilikuwapo. Kisha wakaja watu wenye maovaroli meupe. Mimi na shangazi tulikaa jikoni, dirisha limefungwa. Tulisikia ng'ombe kwanza: mlio mmoja mkavu wa bastola, kimya, halafu mwingine. Nikajikuta nahesabu. Nilipofika thelathini na kitu shangazi akawasha redio, akaizima, akaanza kuchambua mchele ambao haukuwa na chuya hata moja. Wanakondoo walichomwa sindano, kwa hiyo hao hatukuwasikia. Tulichosikia ni mama zao, na baada ya saa sita mchana hata hao hatukuwasikia tena.

Moshi ulikuwa umeshazoeleka wilayani, nguo ukianika nje zinanuka nyama iliyoungua. Mizoga mingine ilipakiwa kwenye malori kwenda Great Orton, uwanja wa zamani wa ndege ambako walizikwa karibu nusu milioni, wengi wao kondoo. Baadaye nilielezwa kwa nini waliua badala ya kuchanja: nchi iliyochanja mifugo ingechelewa kuruhusiwa kuuza nyama nje. Hesabu hiyo naielewa. Kuikubali ni jambo lingine, na nilipomsimulia baba kwa simu aliuliza swali moja tu, mara tatu: "Wazima? Waliwaua wazima?"

Getini tuliendelea kuacha chakula, lakini ile sufuria kubwa, iliyokwenda Ijumaa ya mwisho kabla ya siku ile, haikurudi. Shangazi hakuiulizia.

Ulikuwa mwezi wa saba mzee alipobisha hodi kwetu. Alikuwa amekonda, kofia mkononi. Alisema atanunua kondoo wengine, ila itabidi ashinde mlimani nao miaka kadhaa akiwarudisha nyuma, mpaka wajue pa kukomea. Aliongea zaidi siku hiyo kuliko miezi yote niliyomfahamu. Kisha akatoka nje, akarudi na sufuria yetu. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa na bado inanuka dawa, na ndani, juu ya karatasi ya gazeti, mlikuwa na mayai kumi na mawili. Kuku walisalimika, ugonjwa huo hauwahusu.

Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kwao. Mzee alipokwisha kuondoka akasimama pale mlangoni akiyatazama yale mayai.

"Kumbe na wao," akasema, "chombo hawarudishi kitupu."

Jioni ile tulikula mayai manne.