Kupulizia rangi plastiki za nje za gari nyumbani: kazi iko kwenye kusafisha, sio kwenye kopo

Angalia gari za hapa Dar zilizokaa barabarani muda mrefu, unakuta boneti inang'aa, milango iko poa, ila zile plastiki nyeusi za juu ya matairi, za pembeni ya milango, za chini ya bampa na ile inayokaa chini ya kioo cha mbele pale kwenye wipa zimepauka mpaka zimekuwa kijivu, na hapo gari zima inaonekana imechoka hata kama injini iko vizuri kabisa. Mi hii kitu inaniuma kweli kwa sababu ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, ila watu wengi wakijaribu rangi inabanduka baada ya muda mfupi alafu wanalaumu kopo.

Nimemaliza kuifanya juzi kwenye RAV4 ya mamdogo, ile tunayoiita Kilitime, toleo la mwaka 2000 mpaka 2005, ile ina plastiki nyingi sana pembeni. Mamdogo alikuwa anapeleka kuoshwa kila wiki na vijana wanampakia ile dawa ya kung'arisha, inang'aa siku mbili, ikipigwa na mvua ukijivu unarudi. Akaniambia, "Mwanangu nimechoka kupaka mafuta kama napaka mtoto, niwekee rangi yenyewe." Nikamwambia sawa mamdogo, ila kuanzia leo usiruhusu mtu aguse hizo plastiki na chupa yoyote.

Kwanza muelewe kwanini zinapauka. Plastiki hizi nyingi zinatoka kiwandani bila rangi juu, weusi umechanganywa humo humo ndani, sasa jua likizipiga miaka na miaka ngozi ya juu inaliwa inabaki kama unga unga mweupe. Ukipulizia rangi juu ya huo unga umepaka rangi unga, sio plastiki, lazima itoke tu.

Tatizo la pili ndo kubwa zaidi, na ndo hiyo dawa ya kung'arisha. Nyingi zina silikoni, na silikoni na rangi haziivi chungu kimoja. Ukipulizia sehemu yenye silikoni rangi inakimbia, inajitenga, inaacha vitundu vya duara kama macho ya dagaa, na hata uongeze rangi vipi vile vitundu havizibi. Wale wanaopaka oili chafu au kiwi ya viatu nao ni hivyo hivyo, yale mafuta yanaingia kwenye vinyweleo vya plastiki na kuyatoa ni shughuli. Kuna na wanaochoma na moto ili weusi urudi, ni kweli unarudi, kwa sababu unayeyusha ngozi ya juu, ila ukizidisha sekunde chache tu plastiki inajikunja na weusi wenyewe haudumu. Siishauri kabisa.

Kwahiyo usafi. Osha na sabuni ya vyombo na maji mengi, tumia brashi ya meno iliyochakaa kwenye kona na kwenye maungio maana uchafu wote unajificha huko. Suuza, rudia tena. Ikikauka chukua lile dodoki la kijani la kusugulia sufuria usugue plastiki yote mpaka ule mng'ao wa mafuta uishe. Hapa nisikilizeni vizuri, kama plastiki ina vile vichembe chembe vya asili juu yake usikimbilie msasa, msasa unavisawazisha, unabaki na mabaka laini ambayo yataonekana hata baada ya rangi. Msasa namba 400 au 600 ni kwa zile sehemu laini au zenye mikwaruzo tu. Ukimaliza futa na alkoholi ya isopropili kwa kitambaa cheupe, geuza upande kila mara, endelea mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Petroli hapana, inaacha mabaki na inalainisha raba. Thina pia iache.

Kama unaweza kuifungua plastiki ifungue, utafanya kazi nzuri zaidi. Ile ya chini ya wipa bandika kipande cha tepu kwenye kioo kuonyesha wipa inapolala kabla hujafungua mkono wake, la sivyo kurudisha utahangaika. Ya mamdogo humo chini tulikuta majani ya mwarobaini yameoza yamekuwa udongo kabisa, maji ya mvua yalikuwa hayana pa kutokea. Klipu za gari ya zamani zinakatika kirahisi sababu ya jua, mwagia maji ya moto kidogo kabla ya kuvuta, na zikikatika zipo kule Gerezani kwenye maduka ya spea.

Ukiifungua geuza nyuma usome maandishi yaliyochongwa. Ukiona PP (yaani polipropilini), au PP imejumlishwa na herufi zingine, au TSOP, ambayo ni plastiki ya Toyota ya aina hiyo hiyo, jua hiyo ni familia ya plastiki ambayo rangi haipendi kuishika kabisa. Hapo lazima praima ya plastiki, yaani ile inayopuliziwa kwanza ili rangi ishike, sio praima ya bati, kopo liwe limeandikwa adhesion promoter. Mtu wa duka akikwambia rangi hii inashika popote, mwambie asante na bado nunua praima. Hiyo kitu inapuliziwa nyembamba sana, unaona tu kama plastiki imelowa kidogo, alafu unafuata muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya rangi, usiiache mpaka kesho.

Rangi chukua nyeusi ya mati, ile isiyong'aa, au satini, yenye mng'ao kidogo tu. Nyeusi ya kung'aa kwenye plastiki hizi inaonekana feki na inaonyesha kila kosa. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi ya ndani ikigonga, shika umbali wa sentimita 25 hivi, anza kupuliza nje ya plastiki na malizia nje. Mkono wa kwanza, yaani mpulizo wa kwanza, uwe kama vumbi tu, usijali kama bado unaona kijivu, subiri dakika 10 hadi 15, rudia. Mikono mitatu myembamba inatosha. Mmoja mnene utachuruzika.

Na hali ya hewa ya kwetu usiidharau. Jua la saa saba plastiki nyeusi inaunguza mkono na rangi inakauka hewani kabla ya kutua, inakwaruza ukiipapasa. Alfajiri nako unyevu wa bahari umejaa. Mi napenda kuanzia saa mbili umande ukishakauka mpaka saa nne, kivulini, sehemu imemwagiwa maji chini ili vumbi litulie. Kipindi cha kusi upepo unapeperusha rangi mpaka kwenye kioo cha jirani, funika kila kitu na magazeti mara mbili mbili. Masika acha kabisa. Na barakoa vaeni jamani, na jiko la mkaa la mama liwe mbali, yale makopo yanawaka. Usiliache kopo ndani ya gari juani pia, linaweza kupasuka.

Tepu uliyobandikia magazeti ivue rangi ikiwa bado laini kidogo, ukisubiri ikauke kabisa itang'oka na ukingo. Gari isioshwe wiki nzima. Baada ya hapo maji na sabuni tu, na vijana wa kuosha muwaambie kabla hawajashika kitambaa, sio baada. Mamdogo yeye keshaniambia anataka na keria ya juu, ila ile ni chuma, inataka praima nyingine kabisa na kutu itolewe kwanza, hiyo tumepanga baada ya mvua.