Tufe kwenye kimiminika kizito: kasoro iko mbali

Ikitajwa mbinu ya kuoanisha suluhisho mbili, wengi huwaza utando mwembamba wa Prandtl (1904) unaogusa ukuta. Kwa tufe linalozama polepole mambo yamegeuka: karibu na tufe hakuna shida, shida iko mbali.

Stokes (1851) aliacha inesha (ukaidi wa kimiminika kubadili mwendo) yote, akapata ukinzani 6πμaU, ambapo μ ni mnato, a ni nusukipenyo cha tufe na U ni kasi yake. Whitehead alipojaribu kuongeza rekebisho mwaka 1889, sharti la mbali (kwamba mbali na tufe mtiririko usisumbuliwe) liligoma kutimia. Hesabu inayoonyesha sababu ni fupi. Kwa umbali r, inesha ni kama ρU²a/r² (ρ ni msongamano wa kimiminika), mnato ni kama μUa/r³. Gawanya: Re·r/a, ambapo Re = ρUa/μ ni namba ya Reynolds. Hata Re ikiwa 0.01, ukifika r = 100a viwili hivyo vinalingana.

Basi karibu tumia r/a; mbali tumia R = Re·r/a pamoja na mlinganyo wa Oseen, unaobakiza inesha kwa namna iliyorahisishwa. Andika suluhisho la ndani (la karibu) kwa R, kisha lilinganishe na la nje (la mbali), hatua kwa hatua. Proudman na Pearson (1957) walipata 6πμaU[1 + 3Re/8 + (9/40)Re² ln Re]. Hiyo logarithimu ndiyo huwakwamisha wengi: ukidhani vipeo vya Re peke yake vinatosha, suluhisho hazioani kamwe. Tena, ukitumia kipenyo badala ya nusukipenyo kwenye Re, 3/8 inakuwa 3/16.