Kutu imetoka na rangi ya zamani imebaki, nilivyofanya

Jamani hatimaye! Nina baiskeli ya zamani ya chuma, rangi yake ya kiwandani bado ipo na mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono, ila kutu ilikuwa imetapakaa fremu nzima madoa madoa na sikutaka kabisa kuipaka rangi upya.

Msasa nilijaribu sehemu ndogo, ukala rangi, nikaacha. Siki nayo ikafifisha mstari mmoja, bado naumia nikiuona.

Kilichofanya kazi ni asidi ya oksaliki, ile ya unga mweupe inayoyeyusha kutu. Kwanza nilitoa grisi yote kwa maji ya sabuni, maana penye mafuta asidi haipenyi, halafu nikajaza ndoo ya plastiki maji vuguvugu lita 4, nikatia vijiko viwili vikubwa vya unga wake (vaa glavu na miwani, ni sumu hiyo). Nikalowesha vitambaa nikazungushia fremu.

Sasa hapa ndipo nilipokwama mara ya kwanza, vitambaa vilikauka vikaniachia utando wa njano. Mara ya pili nikafunika kwa nailoni juu ya vitambaa visikauke, kila saa nafungua naangalia, baada ya saa tano hivi kutu ikawa inafutika kwa kidole tu! Suuza kwa maji yenye magadi soda, kausha hapo hapo, paka nta. Sehemu za aluminiamu usiziguse na hiyo asidi, inazila.

Mistari ya dhahabu inaonekana yote, hata ile sikujua ipo.