Mauntingi za mashine ya kusaga: mpira umeanza kuiva

Vipande vya kwanza vya mauntingi, yaani mito ya mpira inayokaa chini ya injini kupunguza mtikisiko, vimetoka kwenye kalibu, na kimoja nimekilowesha kwenye petroli. Ndicho kipimo changu cha bei nafuu. Mpira mbichi ukiloweka humo hulainika hadi ukawa gundi, ndugu yake ile ya fundi pancha. Ulioiva huvimba tu, maana salfa imeshafunga nyuzi zake pamoja. Changu kimebaki kizima, ila kimevimba kuliko nilivyotaka. Vifungo bado ni vichache.

Vipimo vyote huhesabiwa kwa sehemu 100 za mpira. Kwenye mpira wa asili nimetia zinki oksaidi 5, asidi ya steariki 2, masizi 45, salfa 2.5 na kiongeza kasi cha uivaji 0.7. Usidharau hicho cha mwisho kwa udogo wake: Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba salfa na joto huivisha mpira, hakuwa nacho, na kwa salfa peke yake uivaji huchukua saa nyingi. Siku hizi ni dakika.

Utaratibu kwenye roli, yaani silinda za kukandia mpira, ndio kazi yenyewe. Mpira husagwa kwanza mpaka ulegee, ndipo zinki na asidi, kisha masizi kidogo kidogo (vaa barakoa, vumbi lake linaingia kila mahali). Salfa na kiongeza kasi huja mwisho kabisa, roli zikiwa zimepoa. Vikitangulia, mchanganyiko huanza kuiva kabla haujafika kwenye kalibu, na ukishaiva hauyeyuki tena kama plastiki ya ndoo.

Nabana kalibu kwa jeki kati ya vyuma viwili vya moto, nyuzijoto 150. Tatizo ni unene: mpira hupitisha joto polepole, ukikata mauntingi katikati unakuta moyo laini. Kuongeza moto kunashawishi, lakini mpira wa asili ukizidishiwa joto vifungo vyake huanza kuvunjika, ukarudi kunata. Kwa hiyo nashusha hadi 145 na kurefusha muda.

Linalofuata ni dizeli. Injini ya mashine hii inavuja, na mafuta huuvimbisha mpira wa asili. Nitafute nitrili, mpira wa kutengenezwa viwandani, ambao huyastahimili. Sitaichanganya na huu nilio nao, kwani haziungani vizuri. Nitrili hupatana zaidi na PVC (plastiki ya mabomba), na mchanganyiko huo hustahimili pia ozoni, gesi ya hewani inayopasua mpira juani. Kalibu itabaki hiihii.