Siku Moja Maishani Mwangu: Taa ya Injini Iliyokataa Kuzimika

Saa 1:30 asubuhi. Sijamaliza kufunga vifungo vya ovaroli, simu inaita. "Fundi, ile taa imewaka tena." Gari lenyewe sijawahi kuligusa. Lilifunguliwa kwingine, likabadilishwa gasketi ya kava ya valvu pamoja na plagi zote. Oili ikaacha kuvuja, lakini baada ya siku chache taa ya injini ikawaka. Wakafuta msimbo, ile namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari huihifadhi, ukarudi. Wakaweka sensa mpya ya oksijeni, ukarudi. Nikamwomba dada mwenye gari kitu kimoja: asiruhusu mtu kufuta tena wala kuchomoa betri mpaka nilione.

Saa 2:15. Gari limefika. Boneti naiacha ilivyo, nakaa kiti cha dereva na kuchomeka skana, kifaa cha kusoma misimbo, kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi. Kilichotoka ni P0171, yaani katika mchanganyiko wa hewa na petroli, hewa imezidi kiasi, na nyuma yake P0300 inayosubiri kuthibitishwa, yaani injini inamisi (petroli haiwaki inavyotakiwa) bila silinda moja maalumu ya kulaumiwa.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani. Wanaona neno mchanganyiko, wanakumbuka kwamba sensa ya oksijeni ndiyo inayoupima, basi inang'olewa. Ni sawa na kumfunga shahidi kwa kuwa ndiye aliyeleta habari. Msimbo unasema kompyuta imeona nini. Kifaa cha kubadilisha hautaji.

Chenye thamani zaidi ni kumbukumbu ya hali ya injini ambayo kompyuta huihifadhi pamoja na msimbo. Hii ilisema: joto la maji 91°C, mwendo wa gari 0, mizunguko 720 kwa dakika, masahihisho ya petroli ya muda mrefu, yaani nyongeza ambayo kompyuta imeshaizoea, +24%. Kumbe tatizo limenaswa gari likiwa limesimama, injini ya moto, hakuna aliyekanyaga mafuta. Kila walipofuta msimbo walifuta na maelezo haya, halafu wakaanza kubahatisha upya.

Saa 3:00. Nawasha injini nisome namba zikiwa hai. Kompyuta ya injini ya petroli hulenga uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Sensa ikiripoti hewa imezidi, kompyuta inaziacha nozeli zinazopulizia petroli wazi kwa muda mrefu kidogo, na hiyo nyongeza ndiyo inayoonekana kwa asilimia. Injini ikiunguruma yenyewe, masahihisho ya muda mfupi, yale ya papo hapo, yalikuwa +8 juu ya ile +24 ya muda mrefu. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500 na kushikilia. Jumla ikashuka mpaka +5.

Mimi hapo nilishapata nusu ya jibu. Pampu ya mafuta ikichoka au chujio likiziba, namba hupanda injini inapopewa kazi. Zikiwa mbaya injini ikiwa tuli, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa, na kupoa ikikanyagwa, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye sensa ya kupima hewa. Injini tuli inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo ufa mdogo unakuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Ikikanyagwa, ufa uleule unamezwa. (Magari yanayopima msukumo ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) badala ya hewa inayoingia hayafuati kanuni hii, mengi hupandisha tu mizunguko.)

Saa 4:00. Gari likisumbua baada ya matengenezo, naanzia pale mikono ya fundi aliyetangulia ilipopita. Kutoa kava ya valvu kunamlazimu mtu kuchomoa koili zinazozipa plagi umeme, kulegeza bomba la hewa na kutoa mpira wa kupumulia wa injini unaoingia kwenye manifoldi. Koili zote zimekaa hadi zimelia tiki. Klipu za bomba zimekaza. Mpira unapita nyuma ya manifoldi, jicho halifiki.

Wapo wanaopulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta huku wakisikiliza injini ibadilike. Pembeni kuna egzosi ya moto, mimi sifanyi. Nilizima injini, nikaingiza moshi kwa mashine, msukumo mdogo tu, na tochi mkononi. Haukuchukua muda kuchungulia nyuma ya manifoldi. Kwa kioo kidogo nikaona kona ya mpira imepasuka upande wa chini. Mpira uliokaangwa na joto miaka mingi hukakamaa, na ukiupinda kuupisha kava, unapasuka. Kupasuka simlaumu mtu. Ninacholaumu ni kuurudisha bila kuupapasa kwa chini.

Saa 6:00 mchana. Nasubiri mpira mpya. Mzee mmoja ameleta gari lenye P0420, msimbo unaosema katalisti, kisafishaji cha moshi kwenye egzosi, haifanyi kazi vya kutosha; tayari ameshaamua kununua mpya. Bomba la egzosi lilichomelewa karibuni, na kiungo kilicho mbele kidogo ya sensa ya nyuma kinavuja. Gasketi, boliti mbili, kisha tutapima tena. Huenda katalisti yake ni nzima.

Katikati yake simu ya mteja: "Nifutie tu msimbo, fundi." Misimbo mingi huwasha taa baada ya kosa kuonekana katika safari mbili mfululizo, ndiyo maana ukifuta unapata siku za raha, halafu unarudi palepale. Na kosa likiondolewa kweli, kwa kawaida taa hujizima baada ya safari tatu safi.

Saa 9:00 alasiri. Mpira umeingia, na klipu mpya. Nikawasha bila kufuta kitu, na masahihisho ya muda mfupi yakaanguka hadi -20. Nilifurahi: kompyuta bado inaongeza petroli kwa mazoea, huku sensa ikiikatalia. Sasa ndipo nikafuta. Tukaenda barabarani, mwendo wa kusimamasimama kisha mwendo wa kutulia, na namba ya muda mrefu ikakaa kwenye +2.

Saa 11:00 jioni. Hakuna msimbo unaosubiri, wala P0300 haijarudi. Kati ya vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia baada ya kufutwa, kimebaki kimoja, cha mvuke wa petroli. Dada alikuja na tangi limejaa pomoni, na kwa magari mengi kipimo hicho hakianzi mpaka mafuta yashuke kidogo. Nimemwambia aendeshe kama kawaida, tangi likikaribia nusu apite niusome ukurasa huo wa mwisho.