Kuitafuta Lufira Chini ya Tshangalele

Sisi wa Lubumbashi tunamjua samaki makobo akiwa sokoni. Amekaushwa kwa moshi, kichwa kikubwa, mdomo mpana umebaki wazi, anangoja nyanya na bukari, yaani ugali. Wachache wamewahi kumwona akiwa hai, na wachache zaidi wanajua kwamba ni mwindaji. Anajibanza pembeni mwa kisiki, anangoja samaki wadogo wapite, kisha anawarukia. Kwa hiyo mtu anaweza kumvua bila mnyoo wala donge la unga, kwa kitu kinachoogelea tu. Hilo nilijifunza Oktoba moja, joto likiwa kali kabla ya mvua, kwenye ziwa Tshangalele upande wa Kapolowe. Walimu wangu walikuwa wawili, na kabla ya siku ile hawakuwa wanajuana.

Wa kwanza ni yaya, yaani mkubwa wangu katika ukoo, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Tennessee kule Marekani. Alikuja kwa ndoa ya dada yetu. Chini ya nguo za zawadi alikuwa ameweka kisanduku cha samaki wa plastiki na fito moja yenye mulineti, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kule anavua samaki wanaoitwa besi. Jioni moja, uani kwetu Katuba, alinieleza jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Mto Tennessee, alisema, umezibwa kwa mabwawa mengi. Lile la Kentucky lilimalizika 1944. Maji yalipopanda yalifunika mashamba, barabara, na mto wenyewe na kingo zake. Besi huzaa karibu na ufuko wakati maji yanapoanza kupata joto. Wakishamaliza, wengi wanahamia katikati ya ziwa, mbali na macho ya watu, na kujipanga kwenye ukingo wa mto wa zamani uliozama. Juu ya ukingo kuna chakula, chini yake kuna kina cha kukimbilia. Mvuvi anayepiga ufuko tu mwezi wa Julai anawaacha wote nyuma ya mgongo wake.

Nikamwambia: lakini na sisi tuna ziwa la namna hiyo hiyo.

Tshangalele ni mto Lufira uliozibwa. Kampuni ya madini ya Union Minière iliufunga mto pale Mwadingusha, kwenye maporomoko ya Cornet, na mwaka 1930 umeme ukaanza kwenda kwenye viwanda vya shaba. Maji yakatandaa juu ya bonde tambarare. Ndiyo maana ziwa ni kubwa sana na bado sehemu nyingi kina chake ni mita 2 au 3 tu, tope chini na mafunjo pembeni. Katika tambarare kama ile, mahali popote kina kinapobadilika ghafula ni mahali pa maana kwa samaki.

Yaya aliniwekea samaki mmoja wa plastiki kiganjani. Urefu wa kidole, tumbo nene, ubavu wa rangi ya fedha, na ndani vigololi vinavyolia ukimtikisa. Chini ya mdomo wake palitokeza ulimi wa plastiki ngumu, angavu, mrefu karibu nusu ya mwili. Ukimwacha majini anaelea. Ukimvuta, maji yanausukuma ule ulimi, kichwa kinainama, naye anazama huku akitikisika mwili mzima. Ulimi mrefu unazamisha zaidi kuliko mfupi. Mshipi mwembamba unasaidia, kwa sababu maji hayaushiki sana. Na lazima kumtupa mbali, maana anatumia sehemu kubwa ya safari kushuka tu. Yote haya nilidhani ni mambo ya ufundi, mpaka yaya aliposema kwamba samaki wa plastiki asipogusa kitu chini, kazi bado haijaanza.

Tulitoka Lubumbashi gizani kwa barabara ya Likasi, tukashuka Kapolowe-Gare, tukamalizia kwa pikipiki mpaka misheni. Pale tulipewa Muzee mmoja mwenye mtumbwi, mvuvi tangu utoto wake. Alimchukua yule samaki, akamgeuza, akazijaribu ndoano kwenye ukucha wa kidole gumba.

“Hii inaogopa visiki?” akauliza.

Yaya akamjibu kwamba haiogopi, inavitafuta.

Muzee alinyamaza kidogo. Halafu akasema: “Basi nitabaonyesha kwenye nyavu zangu zote zilifiaka.”

Kule Tennessee yaya ana mashine inayomchorea chini ya maji kwenye skrini. Kwetu hatukuwa nayo, na nakiri kwa moyo wote kwamba hatukuihitaji. Maisha yake yote Muzee alikuwa amevikwepa visiki vya miti iliyozama, kwa sababu vinararua nyavu, na nyavu ni ghali. Kila wavu alioupoteza ulimwachia alama kichwani. Alikuwa na ramani kamili ya mahali wavuvi wote wa pale hawategi, yaani mahali samaki wamekaa kwa amani.

Alipiga kasia mbali na mafunjo, akitazama nyuma mara kwa mara. Paa la misheni lilipofichwa na mwembe mmoja mkubwa, na kichuguu kirefu cha ng’ambo kikatokeza, aliacha kasia. Akashusha jiwe lililofungwa kamba. Pima moja na nusu. Akasogeza mtumbwi kidogo tu, akashusha tena: pima tatu.

“Lufira njo hii,” alisema. “Haikuendaka fasi. Baba yangu alikuwa anavua hapa mbele maji ipande.”

Yaya alitaka mtumbwi ukae upande wa kina, tutupe kuelekea upande wa maji mafupi, ili samaki wa plastiki aje akikwaruza juu ya ukingo kisha atokeze kwenye kina. Nilitupa. Nikashusha ncha ya fito karibu na maji na kuzungusha kwa mwendo mmoja. Kwanza nilihisi ule mtetemo tu, mwepesi, unaopita kwenye mshipi hadi kiwikoni. Halafu mtetemo ukawa mzito: tope. Halafu gumu, tok, na fito ikasimama.

“Usivute! Legeza mkono.”

Nikaacha kuzungusha. Hapo ndipo nilipouelewa ule ulimi. Ndio unaotangulia kugonga kisiki, na ndoano ziko nyuma yake, zimekingwa. Mshipi ukilegea, samaki anaelea na kurudi nyuma, anajinasua mwenyewe. Nilizungusha tena mara mbili tatu, na fito ikainama mpaka ncha ikaingia majini.

Wengi hudhani mwindaji huwa anakula kwa sababu ana njaa. Yule makobo alishambulia kwa sababu kitu kilichokuwa kinapita kawaida kiligonga, kikayumba, kikasita mbele ya uso wake. Hakupata nafasi ya kufikiri. Tangu siku ile, mtu akiniomba nimfundishe, namwambia atafute mgongano kwanza. Rangi ya samaki wa plastiki tutaizungumza baadaye.

Muzee alimpakua kwa kitambaa. Alikuwa wa karibu kilo moja, mgongo wa kijani kibichi, tumbo la manjano, na kwenye pezi la chini madoa madogo ya rangi ya chungwa ambayo moshi huyafuta kabisa kabla hajafika sokoni Lubumbashi. Niliyatazama madoa yale kwa muda. Sikuwa nimewahi kujua kwamba anayo.

Tulitupa tena palepale, kwa mwelekeo uleule, na makobo mwingine akashika. Nusu hatua kushoto, hakuna kitu. Yaya alisema besi nao wako hivyo: wanakusanyika kwenye kipande kidogo cha ukingo, na wanataka kitu kiwafikie kwa njia moja tu.

Mchana upepo ulipotulia, Muzee aliomba fito. Hakutaka samaki. Alitaka kusikia ukingo unakokwenda. Tukawa tunasogea polepole, yeye akitupa na kutaja anachokihisi: tope, tope, kisiki, changarawe, kina. Kila mto ulipokata kona alisema jina alilopewa na babake, la mti au la mtu aliyekuwa na shamba pale kabla ya maji. Yaya aliandika yote kwenye daftari la shule, pamoja na pima na alama za nchi kavu.

Daftari lilibaki kwa Muzee. Wanawe wanatega nyavu zao upande wa tope, sambamba na ukingo, bila kuvigusa visiki. Mimi niliachiwa fito na samaki wawili wa ulimi mrefu. Kipande cha kutoka kona ya mwisho tuliyoiandika kuelekea Mwadingusha bado hatujakipima, na yaya ameshasema anataka kuja tena kabla ya mvua.